GPS ya gari kwa watu wa Arusha na Moshi: ramani kwanza, kioo baadae

Kwanza tuelewane tunaongelea kifaa gani, maana ukiingia duka la vifaa vya magari pale mjini ukasema nataka GPS, swali la kwanza ni "kaka unataka ya kufuatilia gari?" Kwa watu wengi GPS ni kale kadude kanafichwa chini ya dashibodi ili bosi ajue dereva wake yuko wapi, na mabasi nayo yana ya kwao kwa ajili ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Hiyo ni treka, siongelei hiyo. Naongelea kaskrini ka inchi 5, 6 au 7 kanakokaa kwenye kioo cha mbele, kana ramani ndani na kanakuambia kata kushoto, kata kulia. Garmin ndo wengi wanaijua, TomTom nao wapo, alafu kuna za Kichina za majina yasiyoeleweka ambazo nyingi ndani zinatumia programu ya ramani inaitwa iGO.

Na tusichanganye pia na ile navi iliyokuja na gari kutoka Japani. Unaijua, ukiwasha Noah au Harrier tu, dada wa Kijapani anaanza kuongea peke yake. Mara nyingi anakukumbusha kwamba kadi ya ETC haijawekwa, yani kadi ya kulipia tozo za barabara za huko kwao. Ramani iliyomo humo ni ya Japani, kwaiyo hata ukiikamatisha satelaiti zote haina barabara hata moja ya kukuonyesha hapa. Fundi akikuambia "naibadilisha inakuwa ya Bongo", muulize ataweka ramani gani na mwambie akuonyeshe ikifanya kazi kwenye gari lingine kabla hujatoa hela, maana wengi wanachofanya ni kung'oa ile redio na kuweka redio ya Android. Siyo mbaya, ila ni kitu kingine.

HATUA YA 1: Jiulize kama unaihitaji kweli

Kama safari zako ni Njiro, mjini, Sakina na ikizidi sana Moshi kusalimia wazazi, simu inakutosha. Download ramani ya offline ya Google Maps au weka Organic Maps au OsmAnd, maliza kazi, hela nunua tairi.

Kifaa cha peke yake kina maana kwa mtu anayekaa barabarani muda mrefu. Madereva wa watalii, watu wa miradi wanaoingia Simanjiro na Longido, wanaopeleka mizigo, na sisi tunaopenda kujitupa Ziwa Natron weekend. Simu ikikaa kwenye kioo jua la saa nane linaipiga, inachaji, ramani inawaka, inapata moto mpaka inajizima, alafu katikati ya njia panda anapiga mtu wa kikundi cha kuweka na kukopa na ramani inapotea kwenye skrini. GPS ya gari haipigiwi na mtu.

Swali linalokuja kila siku: inatumia bando? Haitumii. Satelaiti ziko juu huko kama kilomita 20,200 zinarusha tu, kifaa chako kinasikiliza kama redio ya mkulima inavyosikiliza stesheni, hakirudishi kitu. Kikipata satelaiti nne kinajua kiko wapi, mpaka urefu kutoka usawa wa bahari. Mfumo wenyewe ni wa Marekani na mpaka Mei 2000 walikuwa wanaupunguzia usahihi makusudi kwa sisi raia, wakaacha, ndo maana leo nje kwenye uwazi unapata makosa ya mita chache tu. Vifaa vya karibuni vinasikiliza na mifumo mingine kama GLONASS ya Urusi na Galileo ya Ulaya, ukikuta hiyo chukua, hasa kama unapita sana kwenye mabonde na miti mingi.

Kwaiyo network ikikata baada ya Engaruka simu haipigi ila GPS inaendelea kama kawa. Sharti ni moja, ramani iwe imo ndani tayari.

HATUA YA 2: Chunguza ramani kabla hujaangalia kitu kingine

Hapa ndo penyewe. Watu wananunua kioo kikubwa, wanafika nyumbani wanakuta ndani kuna ramani ya Marekani na Kanada. Hasa zile ambazo ndugu anakutumia kutoka nje, kaikuta kwa bei nzuri huko, kaifunga vizuri na kadi ya zawadi. Ukiiwasha hapa inaonyesha Tanzania kama karatasi ya njano yenye mstari mmoja au miwili, hiyo ni ramani ya msingi tu, haikuelekezi popote. Kifaa si kibovu, kinahitaji ramani tu, lakini ramani ni gharama nyingine au ni kazi nyingine.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa ramani ya Dar. Dar kila mtu anaichora. Wewe tafuta vitu vya kwako. Andika Ngaramtoni, andika Boma Ng'ombe, andika Machame, andika Mto wa Mbu. Hapo pia jifunze kucheza na tahajia, kuna ramani inataka Bomang'ombe neno moja, nyingine haina kabisa ile alama ya ng' inataka Bomangombe, nyingine Mto-wa-Mbu ina vistari. Usikate tamaa kwenye jaribio la kwanza, jaribu namna tatu.

Alafu fanya kipimo changu ninachokiamini kuliko vyote: angalia barabara ya mchepuko ya Arusha, ile inayotoka Usa River inazunguka kusini ya mji mpaka Ngaramtoni. Kama haipo, ramani hiyo ni ya zamani, funga mjadala. Ukiitumia ukiwa kwenye mchepuko utaona gari lako linaelea katikati ya mashamba na dada wa sauti ya kifaa anakupigia kelele geuza, geuza ukifika mbele geuza, kilomita arobaini nzima. Angalia na barabara ya njia mbili mbili ya Sakina hadi Tengeru, kama imechorwa mstari mmoja basi kila ukitaka kukatiza atakuelekeza sehemu ambayo kuna tuta katikati.

Ramani unapata wapi? Njia ni tatu. Ya kwanza ni ramani ya kampuni yenyewe, unalipia, inaingia kwa kompyuta. Kwa Garmin programu inaitwa Garmin Express. Ya pili ni Tracks4Africa, ya kulipia pia, hawa wamejenga ramani yao kwa njia zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe, na kwa njia za vumbi, kambi na mageti ya hifadhi wako vizuri, ndo maana utaikuta kwenye Land Cruiser za watu wanaotoka Afrika Kusini mpaka huku. Ya tatu ni ya bure, OpenStreetMap, ambayo watu wa kujitolea wanachora, kuna tovuti zinaigeuza kuwa faili la Garmin na unaiweka mwenyewe.

Kuiweka hiyo ya bure si uchawi. Chukua memori kadi ndogo, iformat kwa FAT32 (kwa vifaa vya zamani isizidi GB 32), tengeneza folda inaitwa Garmin, weka humo faili lenye jina gmapsupp.img, chomeka, washa. Alafu ingia kwenye settings za ramani uzime ile ya zamani, maana zikiwaka zote mbili zinagombana, moja inafunika nyingine na wewe unadhani mpya haijaingia. Kama huna kompyuta vijana wa stationery watakusaidia, ila kaa nao hapo hapo, usiache kifaa ukasema utapitia jioni.

HATUA YA 3: Kifaa chenyewe

Hapa sichukui muda. Inchi 7 kwa lori na gari ya safari, inchi 5 kwa gari ndogo, kubwa zaidi inaziba barabara. Itoe nje ya duka uitazame juani, ndani ya duka kila skrini inang'aa. Hakikisha ina tundu la memori kadi, bila hilo habari ya ramani ya bure inakuwa ngumu. Betri usiihesabie, nyingi zinakaa kama saa moja, zimetengenezwa ziishi kwenye chaja. Na chaja soma imeandikwa nini, gari ndogo ni volti 12, Fuso na malori mengi ni 24, ukikuta imeandikwa 12-24V uko salama, ukikuta 12 tu usiijaribu kwenye lori.

Ya mtumba? Inawezekana kabisa, ila iwashe nje uione inakamata satelaiti, alafu angalia tarehe. GPS inahesabu wiki, ikifika 1,024 inarudi sifuri, na tarehe 6 Aprili 2019 ilirudi. Baadhi ya vifaa vya zamani ambavyo havikupata programu mpya vinaonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Vingine vinaendelea kuelekeza vizuri, shida ni saa ya kufika na kumbukumbu za safari, ila ni dalili kwamba hakuna aliyekihudumia siku nyingi, tumia hiyo kushusha bei.

HATUA YA 4: Kufunga kwenye gari

Kile kikombe cha kunyonya kioo hakipendi vumbi, na sisi vumbi ndo chakula chetu. Futa kioo kwa maji na kitambaa kisafi, kausha, futa na kikombe chenyewe, bandika, bonyeza ile klipu. Kikianza kudondoka kila ukipita tuta, kioshe kwa maji ya vuguvugu, kwa muda kinarudia ulaini wake.

Mahali ni chini kona ya kulia karibu na nguzo ya dereva, au chini katikati. Usiweke juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, unaziba macho na trafiki ana haki ya kukuuliza. Usiweke juu ya airbag. Kama gari ina tinted yenye madini au kioo cha kuzuia joto, GPS inaweza kuchelewa sana kupata satelaiti, isogeze mpaka upate sehemu inayoshika. Na ukipaki juani pale soko la Kilombero iondoe, betri ya lithiamu na joto haviendani, na vijana wa mjini na vitu vinavyoonekana navyo haviendani. Ukiitoa futa na ile alama ya duara kwenye kioo, maana inamwambia mpita njia kwamba mzigo uko kwenye dashibodi au chini ya siti.

HATUA YA 5: Kuiseti siku ya kwanza

Nenda nje sehemu ya wazi, zima haraka zako. Kifaa kilichokaa sana bila kuwashwa au kilichosafirishwa kutoka bara lingine kinatafuta upya, na orodha nzima ya satelaiti peke yake inachukua dakika 12 na nusu kutumwa. Kawaida hakifiki huko, ila kama dakika tano zimepita bado, kiache kimekaa kwenye boneti, usianze kuendesha huku kinatafuta.

Weka kilomita, weka saa za Afrika Mashariki, weka upande wa kushoto kama inauliza. Sauti, chagua ile inayotamka majina ya barabara, hata kama itaitamka Ngaramtoni kama mgeni aliyeshuka KIA asubuhi hiyo. Saa ya kufika inaandikwa kwa masaa 24, kwaiyo ukiona 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini, mwambie na abiria wako wasije wakasubiri usiku.

Alafu settings mbili ambazo zitakuokoa: njia iwe ya haraka, siyo ya mkato. Ukiweka ya umbali mfupi, Machame na Kibosho itakupitisha katikati ya migomba, vinjia vya kupitisha ng'ombe na toyo, mteremko na udongo mwekundu, mvua ikiwa imenyesha hapo unaita vijana wakusukume na wanakutajia bei wakiwa wamekaa. Ya pili iko sehemu imeandikwa Avoidances, washa kukwepa barabara zisizo na lami kama una gari ya chini. Siku ukienda Natron utaizima, maana ikiwa imewashwa itakuzungusha ajabu au itasema hakuna njia.

HATUA YA 6: Kuingiza mahali unapoenda

Kwa majina makubwa unaandika tu. Shida inaanza pale ambapo sisi tunaita Kwa Mrefu, Kwa Mrombo, Kwa Sadala, njia panda ya Himo, na ramani ina baadhi tu ya hayo. Dawa ni kuhifadhi mwenyewe. Ukifika sehemu, gusa kagari kako kwenye skrini, bonyeza hifadhi, andika jina unalolijua wewe. Ukifanya hivo miezi michache una ramani yako ambayo hakuna duka linaiuza.

Kambi na lodge nyingi zinakutumia namba, yani koodineti, na hapa ndo watu wanapotea vibaya kwasababu namba hizo hizo zinaandikwa kwa mitindo mitatu. Arusha mjini ni karibu na 3.37 kusini na 36.69 mashariki. Mtindo wa digrii na dakika, sehemu hiyo hiyo ni 3°22.2' na 36°41.4'. Mtindo wa sekunde ni 3°22'12" na 36°41'24". Zote ni sehemu moja. Sasa mtu kapewa 3°22.2', kifaa chake kiko kwenye mtindo wa desimali, anaandika 3.222, na longitudo anaandika 36.414. Hiyo imemtupa zaidi ya kilomita 30, huko karibu na milima ya Monduli. Kwaiyo kabla ya kuandika, angalia settings za kifaa ziko mtindo gani, zibadilishe zifanane na ulichotumiwa, usijaribu kugeuza kichwani.

Kitu kingine ni S. Sisi tuko kusini ya ikweta, vifaa vingi vinaanza na N. Ukisahau kubadilisha, ile Arusha yako inahamia kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana, upande wa North Horr, zaidi ya kilomita 700 kutoka ulipo. Kwenye simu kusini inaandikwa kwa alama ya kutoa, -3.37, ndo S hiyo hiyo. Ukimaliza kuingiza, kabla hujabonyeza Go, soma umbali. Umeambiwa ni mwendo wa saa mbili, kifaa kinasema kilomita 900, simama hapo hapo.

HATUA YA 7: Ukiwa njiani

Kifaa kinajua barabara, hakijui pesa. Mwambie akupeleke Musoma kutoka Arusha, ataangalia ramani na kukupitisha Makuyuni, Karatu, geti la Loduare, Ngorongoro, Serengeti, maana ndo karibu. Mabasi ya Musoma yanapita huko kweli, ila ukiwa na gari yako utalipia viingilio vya hifadhi mbili, na lami unaiaga pale getini. Kama hukujipanga, lazimisha njia ya Babati, Singida, Nzega, Shinyanga kwa kuweka Singida kama kituo cha katikati. Ni ndefu ila ni lami. Na ndani ya hifadhi, mstari uliochorwa kwenye ramani siyo ruhusa, kuna njia za zamani zimefungwa na ukikutwa nje ya barabara ni faini, GPS haitakutetea.

Masaa inayokupa ni ya matumaini, hasa kwenye vumbi. Inahesabu kama barabara ni nzuri, haijui makorongo wala ng'ombe wa saa kumi na mbili jioni.

Limiti ya spidi inayoonyesha pembeni nayo usiifanye sheria. Vijiji vimeongezeka kuanzia Kikatiti mpaka Boma, kibao cha 50 kiko pale kiliposimikwa, ramani haina habari. Onyo la kamera nalo halimjui trafiki aliyekaa na tochi nyuma ya mti. Soma vibao, na taa za anayekuja mbele.

Mvua za masika zikianza, rudi kwenye teknolojia ya zamani, uliza. Unaenda chemchemi ya Chemka, umekata Boma Ng'ombe, unaelekea Rundugai, kifaa kinasema nyoosha. Shusha kioo.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu."
"Samahani, hii njia inafika Chemka?"
"Inafika, ila pale mbele maji yamekula barabara. Rudi kidogo, pita kule kwenye mti mkubwa."

Mzee ana taarifa ya asubuhi hii, ramani yako ina ya mwaka sijui gani. Fuata mzee, na kifaa kitajipanga upya chenyewe ukishaingia njia nyingine, usikizime, maana kinarekodi ulikopita na kurudi utafuata mstari huo huo.

Gari ikikuharibikia porini, gusa kagari kwenye skrini upate ukurasa unaokuonyesha koodineti za ulipo. Ziandike kwenye karatasi, tafuta kilima chenye network, mtumie fundi namba hizo na mtindo wake ukiwa umeuandika kamili, S na alama zote. Hiyo ni tofauti kubwa na "niko baada ya ule mlima, kuna mbuyu".

HATUA YA 8: Kuihudumia

Sasisha ramani kabla ya msimu, siyo usiku wa kuamkia safari. Faili ni kubwa na kompyuta ikizima katikati, kifaa kinaweza kugoma kuwaka, kwaiyo tafuta sehemu yenye wifi nzuri na laptop yenye chaji, TANESCO hawatoi taarifa kwa ajili yako. Kabla ya hapo nakili zile sehemu ulizohifadhi, ni faili la GPX, liweke kwenye flashi au jitumie kwa email.

Na ile sehemu inaitwa Home, usiweke geti la kwako. Weka sheli au njia panda ya karibu. Ikiibiwa gari na funguo, au hata ukiuza kifaa ukasahau kufuta, mtu asiongozwe mpaka mlangoni na sauti nzuri ya kike. Ukiuza, fanya reset, toa memori kadi yako, na mwenye kununua muonyeshe ule mchepuko wa Usa River asianze kukupigia simu.